Kiseyeye: Ugonjwa Uliotufundisha Nini Kinaushikilia Mwili

Umewahi kuacha supu ya makongoro kwenye sufuria usiku kucha? Asubuhi unakuta imeganda na inatikisika. Wengi husema ni mafuta. Mafuta yapo kweli, ule utando mweupe wa juu, lakini kile kinachotikisika chini yake si mafuta hata kidogo. Ni protini iliyoyeyuka kutoka kwenye kano, ngozi, gegedu na mifupa ya mguu wa ng'ombe. Inaitwa kolajeni, na jina hilo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Mafundi seremala wa zamani walichemsha ngozi na mifupa kupata gundi, karne nyingi kabla mtu yeyote hajajua protini ni nini.

Wewe nawe unayo. Karibu theluthi moja ya protini zote mwilini mwako ni kolajeni, na ndiyo uzi mkuu wa kundi la tishu ambalo vitabu vya baiolojia huliita tishu unganishi. Wengi wetu shuleni tuliikariri kama orodha: aina hii, kazi yake hii, mfano wake huu. Mtihani ukapita, orodha ikapotea.

Leo twende kwa njia nyingine. Ukitaka kujua nguzo ina kazi gani, itazame nyumba iliyong'olewa nguzo. Upo ugonjwa mmoja unaofanya hivyo hivyo mwilini: kiseyeye. Umeua mabaharia wasiohesabika, umewachanganya madaktari kwa zaidi ya miaka 400, na moja ya kurasa zake za mwanzo iliandikwa hapa kwetu, kwenye bandari za Mombasa na Malindi na kwenye miamba ya Tanga.

Kwanza, tishu unganishi ni kitu gani?

Tishu za mwili hugawanywa katika makundi manne: tishu za kufunika (kama tabaka la juu la ngozi na utando wa ndani wa utumbo), misuli, neva, na tishu unganishi. Kwenye makundi mengine seli ndizo zinazobeba kazi, zimebanana kabisa. Kwenye tishu unganishi mambo ni kinyume. Seli ni chache na zimetawanyika, na kazi kubwa inafanywa na vitu vilivyo katikati yao, ambavyo seli zenyewe zimevitengeneza na kuvitoa nje.

Fikiria nyumba ya miti na udongo. Fito zimefungwa kwa kamba, kisha katikati umekandikwa udongo. Fito bila udongo ni uchanja tu. Udongo bila fito unaporomoka mvua ya kwanza. Katika tishu unganishi, fito ni nyuzi za kolajeni (na nyuzi za elastini pale panapohitajika kuvutika na kurudi), na udongo ni rojo inayozizunguka. Fundi ni seli iitwayo faibroblasti. Ukibadilisha kipimo cha fito, aina ya udongo na namna ya kusuka, unapata tishu tofauti kabisa:

Tishu unganishi legevu. Nyuzi chache, rojo nyingi. Iko chini ya ngozi, kuzunguka mishipa ya damu na neva. Inajaza nafasi, inashikilia viungo mahali pake, inapitisha maji na virutubisho.

Tishu ya shahamu. Hapa seli zenyewe zimejaa mafuta. Ni ghala la nishati, blanketi la joto, na mto unaozikinga figo.

Tishu unganishi nzito. Nyuzi nyingi zilizobanana. Ndizo kano zinazofunga msuli kwenye mfupa, na ligamenti zinazofunga mfupa kwa mfupa. Ndiyo pia sehemu ya ndani ya ngozi, ile ambayo fundi viatu akiipata kwa ng'ombe anaiita ngozi.

Gegedu. Nyuzi ndani ya rojo ngumu inayobonyea kidogo. Iko sikioni, puani, na kwenye ncha za mifupa inapokutana. Gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana likiumia hupona kwa shida.

Mfupa. Kolajeni ileile, ila udongo wake umekuwa saruji: chembe ngumu za madini ya kalisi na fosfeti. Unaweza kulithibitisha hili nyumbani. Loweka mfupa mwembamba wa kuku kwenye siki kwa siku kadhaa. Siki inayeyusha madini, na unabaki na mfupa unaopindika kama mpira. Ule unaopindika ndio kolajeni.

Damu. Hii huwashangaza wanafunzi kila mwaka. Nayo huhesabiwa humu, kwa sababu seli zake zinaelea ndani ya kitu kilicho katikati yao, yaani utegili, ingawa hapa hakuna nyuzi mpaka damu inapoganda.

Sasa swali: nini kitatokea fundi akiwepo, udongo ukiwepo, lakini fito zikakosekana?

Mombasa, Aprili 1498

Vasco da Gama aliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 akiwa na meli nne na watu wanaokadiriwa kufika 170. Mwanzoni mwa mwaka 1498, wakiwa wametia nanga kwenye mto mmoja huko Msumbiji, watu wake walianza kuugua. Shajara ya safari ile, ambayo wanahistoria wengi hudhani iliandikwa na Álvaro Velho, inaeleza kuwa miguu na mikono ilivimba, na fizi zilikua zikafunika meno hata watu wakashindwa kula.

Tarehe 7 Aprili wakafika Mombasa. Mambo ya siasa hayakwenda vizuri, na wageni na wenyeji walitazamana kwa mashaka. Lakini katika siku zile za mwanzo mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Baada ya muda mfupi wagonjwa walipata nafuu. Mwandishi wa shajara akaandika sababu aliyoiona yeye: hewa ya mahali hapa ni nzuri sana.

Hewa! Machungwa yapo mbele yake, mgonjwa anakula, anapona, na yeye anaisifu hewa.

Usimcheke haraka. Tiba ya Ulaya ya wakati ule iliamini kwamba maradhi mengi hutokana na hewa mbaya na mvurugiko wa majimaji ya mwili. Mtu huona kile ambacho elimu yake imemwandaa kukiona. Kosa hili litajirudia mara kadhaa katika makala hii, tena kwa watu wenye elimu kubwa kuliko yake.

Miezi mitatu bila nchi kavu

Kutoka Malindi, meli zile zilivuka hadi pwani ya India kwa chini ya mwezi mmoja. Walikuwa na rubani waliyempata Malindi, na walikuwa na upepo: mwishoni mwa Aprili kusi inaanza kuvuma na kusukuma vyombo kuelekea kaskazini mashariki. Kila nahodha wa jahazi alijua hivyo. Ukienda na kusi, utarudi na kaskazi. Ukifika, unauza, unanunua, unakarabati chombo, unasubiri.

Da Gama hakusubiri. Aliondoka pwani ya India mapema Oktoba 1498, kusi imekufa na kaskazi bado. Ni wakati wa malelezi, upepo haueleweki. Wakakaa baharini karibu miezi mitatu kamili, shwari ikifuatwa na upepo wa mbele. Hapo kiseyeye kikarudi. Shajara inasema walikufa watu 30, mbali na wengine 30 waliokwisha kufa kabla, na kila meli ikabaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi.

Tarehe 7 Januari 1499 wakafika Malindi. Safari hii wagonjwa wenyewe waliomba machungwa. Waliyatamani. Mtu akatumwa pwani, akayaleta kesho yake. Lakini wengi walikuwa wamekwisha mno, wakafia palepale, na mwandishi akailaumu hewa ya Malindi. Kwa hiyo hewa ya Mombasa iliponya, hewa ya Malindi ikaua, na machungwa yakapita katikati bila kupewa sifa wala lawama.

Siku chache baadaye meli ya São Rafael ilichomwa moto kwenye miamba ya pwani ya Tanga. Haikuwa imezama, wala haikupigwa na adui. Watu wa kuiendesha hawakutosha. Kati ya wale 170, inakadiriwa ni kama 55 tu walioiona tena Ureno.

Angalia jambo hili. Mabaharia wa majahazi ya Bahari ya Hindi hawakuwa na miili tofauti na ya Wareno. Tofauti ilikuwa muda. Mwili ulioshiba vitamini C hubeba akiba ya kutosha kama miezi miwili au mitatu. Jahazi linalofuata msimu linafika bandarini ndani ya wiki tatu au nne, na bandarini kuna matunda. Elimu ya pepo ilikuwa kinga ya kiseyeye bila mtu kuiita kinga.

Kidonda cha miaka hamsini

Mwaka 1740 George Anson wa Uingereza aliondoka na kikosi cha meli kuizunguka dunia akiwa na watu karibu 1,900. Alirudi mwaka 1744. Zaidi ya 1,300 walikuwa wamekufa, wachache mno kwa risasi, wengi kwa maradhi, na kiseyeye kikiongoza.

Padri wa msafara, Richard Walter, aliweka kumbukumbu ya jambo ambalo mpaka leo likisomwa mwili unasisimka. Alikuwepo baharia mzee aliyejeruhiwa kwenye vita vya Boyne kule Ireland mwaka 1690. Vidonda vyake vilipona, akaishi navyo miaka hamsini, makovu tu. Alipopata kiseyeye, makovu yale yalifunguka, yakawa vidonda vibichi kana kwamba hayakuwahi kupona. Walter anaeleza pia mfupa uliokuwa umevunjika na kuunga zamani, ukaachana tena palepale ulipovunjikia.

Soma tena, polepole. Kovu la miaka hamsini limefunguka. Hii ina maana gani? Ina maana kovu si kiraka kilichoshonwa mara moja na kusahauliwa. Kila siku mwili unabomoa kolajeni kidogo pale na kujenga nyingine, kama mwenye nyumba anayetoa fito zilizoliwa na mchwa na kuweka mpya. Ujenzi ukisimama na ubomoaji ukaendelea, ukuta unaanguka hata kama ulijengwa kabla baba yako hajazaliwa.

Walter hakujua hayo. Lakini aliona, na aliandika alichoona bila kukipamba. Ushahidi wake ulisubiri karibu miaka 200 kupata maelezo.

Mabaharia kumi na wawili

Tarehe 20 Mei 1747, kwenye meli ya kivita Salisbury, daktari James Lind alichagua mabaharia 12 wenye kiseyeye, hali zao zikifanana kadiri alivyoweza. Akawalaza sehemu moja, akawapa chakula cha aina moja, kisha akawagawa wawili wawili. Jozi moja ilipewa pombe ya matofaa. Nyingine matone ya asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Nyingine siki. Nyingine maji ya bahari. Nyingine mchanganyiko wenye kitunguu saumu na haradali. Na jozi moja ikapewa machungwa mawili na limau moja kila siku.

Matunda yaliisha baada ya siku sita tu. Lakini kufikia hapo mmoja wa wale wawili alikuwa karibu tayari kurudi kazini, na mwenzake aliwekwa kuwauguza wengine. Waliofuatia kwa mbali walikuwa wa pombe ya matofaa. Wengine, hakuna kitu.

Kama unasomea utafiti wa tiba, huyu ni babu yako. Hadi leo tarehe 20 Mei huadhimishwa kama siku ya majaribio ya tiba.

Sasa utadhani hadithi imeishia hapo. Wapi! Kitabu cha Lind kilitoka mwaka 1753. Jeshi la majini la Uingereza lilianza kugawa maji ya limau rasmi mwaka 1795, miaka 48 baada ya jaribio na mwaka mmoja baada ya Lind kufariki. Sehemu ya lawama ni ya Lind mwenyewe. Hakuamini kuwa kiseyeye kina sababu moja. Aliendelea kuzungumzia unyevu na jasho lililozibwa. Kisha akapendekeza maji ya matunda yapashwe moto mpaka yawe mazito ili yakae muda mrefu. Moto unaharibu vitamini C. Dawa yake ikafia kwenye sufuria.

Hata baada ya 1795 elimu ile ilipotea tena. Katika miaka ya 1860 Waingereza waliacha malimau ya Mediterania wakatumia ndimu za visiwa vya Karibi. Ndimu zile zilikuwa na vitamini C kidogo zaidi, na maji yake yalihifadhiwa vibaya. Hakuna aliyegundua, kwa sababu meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari. Msafara wa George Nares ulioelekea Aktiki mwaka 1875 ulipougua kiseyeye ukiwa na maji ya ndimu, wengi wakahitimisha kuwa matunda hayana msaada wowote na tatizo ni nyama ya makopo iliyooza. Mwaka 1902 watu wa Robert Falcon Scott kule Antaktika bado walikuwa wanaugua. Ni miaka 155 baada ya jaribio la Lind!

Kutoka hewa hadi nyuzi

Wakati mabaharia wanahangaika, wanaanatomia nao walikuwa njiani kutokea upande mwingine. Mwaka 1800 Mfaransa Xavier Bichat alichapisha kitabu kuhusu tando za mwili. Alisema maradhi hayashiki kiungo kizima bali yanafuata aina za tishu, na akahesabu tishu 21. Hakutumia hadubini, hakuziamini. Alichemsha, alikausha, aliozesha, alivuta kwa mikono. Alikufa mwaka 1802 akiwa na miaka 30. Karibu 1830 Mjerumani Johannes Müller alitumia jina lenye maana ya tishu inayofunga pamoja, na kutoka hapo tukapata jina tunalolitumia leo.

Mwaka 1907, Axel Holst na Theodor Frølich huko Norway walikuwa wanatafuta mnyama wa kuchunguzia ugonjwa mwingine, beriberi. Walilisha simbilisi nafaka tupu. Badala ya beriberi wakapata kiseyeye. Ilikuwa bahati kubwa, kwa sababu wanyama wengi hawapati kiseyeye kabisa. Mbuzi wako hutengeneza vitamini C kwenye ini lake mwenyewe, na panya vilevile. Binadamu, nyani na simbilisi wamerithi jeni iliyoharibika, hawawezi. Kama wangetumia panya, wasingeona chochote.

Kwa kutumia simbilisi, mwaka 1926 S. Burt Wolbach na Percy Howe wa Marekani walitazama vidonda na mifupa yenye kiseyeye chini ya hadubini. Walichokiona ndicho jibu la swali letu la mwanzo. Faibroblasti zilikuwepo. Zilikuwa zinaongezeka. Mafundi wamejaa kwenye eneo la ujenzi, lakini katikati yao hamna nyuzi. Simbilisi wakipewa maji ya machungwa, nyuzi zinatokea haraka. Basi ikajulikana: kiseyeye si sumu, si hewa, si vijidudu. Ni tishu unganishi kushindwa kutengeneza kile kinachokaa katikati ya seli.

Kitu chenyewe kilichopungua kilikuwa kinakaribia kupatikana. Mwaka 1928 Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alichuja asidi fulani kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo za ng'ombe na kwenye mimea. Kufikia 1932 ilithibitika kuwa ndiyo vitamini C. Baadaye, kule Szeged, aliipata kwa wingi kwenye pilipili nyekundu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Jina la kikemia la vitamini hiyo, asidi askobiki, maana yake tu ni kwamba inaondoa kiseyeye.

Daktari aliyejikata mgongo

Je, kwa binadamu ni hivyohivyo? Mwaka 1939 daktari kijana wa upasuaji huko Boston, John Crandon, aliamua kujitumia mwenyewe. Aliishi miezi sita bila matunda, bila mboga, bila maziwa. Baada ya wiki kama sita vitamini C haikuonekana tena kwenye utegili wa damu yake. Baada ya miezi mitatu wenzake walimchana kidonda mgongoni: kikapona vizuri. Akiba ilikuwa bado. Baada ya miezi sita, huku vijitone vya damu vikionekana miguuni, wakamchana tena. Safari hii ngozi ya juu ilijifunga, lakini ndani kulikuwa na damu iliyoganda tu, hakuna kilichoshika. Wakamdunga vitamini C kwenye mshipa. Siku kumi baadaye kidonda kilekile kilikuwa kinapona kama kawaida.

Sasa hebu unganisha na ile orodha ya mwanzo. Kwa nini fizi ndizo huanza? Jino halikuota kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Limening'inizwa na ligamenti fupi sana, na kolajeni ya ligamenti hiyo hubadilishwa haraka kuliko karibu zote mwilini. Ujenzi ukisimama, hapo ndipo pa kwanza kulegea. Kwa nini damu huvuja chini ya ngozi? Vishipa vidogo vya damu vinashikiliwa na kolajeni ya tishu iliyo pembeni yake. Kwa nini makovu? Kovu linaendelea kukarabatiwa kwa kasi miaka yote.

Na kwa nini kano ya kisigino haikatiki? Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipima kwenye kano hiyo kaboni iliyosambazwa angani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Waligundua kuwa kiini cha kano hujengwa mpaka karibu umri wa miaka 17, kisha karibu hakibadilishwi tena. Kizuri kwako ukikosa machungwa. Kibaya kwako ukichanika kano uwanjani.

Nyuzi tatu na nyuzijoto 37

Limebaki swali moja: vitamini C inafanya nini hasa?

Mwaka 1954, huko Madras, India, G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha walipendekeza umbo la kolajeni. Moja ya sampuli walizotumia ilikuwa kano ya mkia wa kangaruu. Walionyesha kuwa kolajeni ni minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja, kama kamba ya usumba. Marekebisho yamefanyika tangu hapo, lakini wazo la nyuzi tatu limesimama.

Ili msokoto ushike, amino asidi iitwayo prolini lazima iongezewe oksijeni na haidrojeni sehemu nyingi kwenye mnyororo. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya chenye chembe ya chuma, na vitamini C ndiyo inayokirudisha chuma hicho katika hali ya kufanya kazi kila kinapochoka. Bila vitamini C prolini haiongezwi kitu. Na hapa ndipo namba zinapozungumza: kolajeni isiyopitia hatua hiyo hufunguka msokoto wake kwenye nyuzijoto kama 24. Mwili wako uko 37. Yaani kamba inasokotwa na kufumuka kabla haijatoka hata nje ya seli.

Karne nne za vifo, na kiini chake ni tofauti ya nyuzijoto 13.

Hii haijaisha

Ungependa kuamini kuwa kiseyeye ni habari za makumbusho. Katika miaka ya 1980 madaktari waliandika milipuko ya kiseyeye kwenye kambi za wakimbizi wa Ethiopia zilizokuwa Somalia na Sudan. Mgao ulikuwa nafaka, maharage na mafuta. Nguvu zilihesabiwa, protini zilihesabiwa. Vitamini C haikuwemo, na mkimbizi hana shamba wala pesa ya soko. Mgao ule haukuwa tofauti sana na chakula cha meli ya 1498, ila safari hii sababu ilikuwa imejulikana kwa nusu karne.

Kwa mtu mwenye uhuru wa kuchagua, kinga ni rahisi mno. Majaribio yaliyofanywa kwa watu waliojitolea huko Sheffield, Uingereza, wakati wa vita vya pili vya dunia yalionyesha kuwa miligramu 10 kwa siku zinatosha kuzuia kiseyeye, ingawa kiwango kinachopendekezwa kwa afya njema ni kikubwa zaidi. Chungwa moja lina mara tano ya hizo au zaidi. Pera, gramu kwa gramu, linalizidi chungwa kama mara nne. Mboga za majani pia zinayo, ila usizichemshe mpaka zikalia. Kumbuka sufuria ya Lind. Na kama umeshawishika kununua poda ya kolajeni, elewa kuwa tumbo huivunja vipande kama linavyovunja nyama au maharage. Mwili hauichukui ikiwa kamba nzima. Lazima usokote upya, na kusokota kunahitaji vitamini C.

Lakini kwetu sisi tunaosomea sayansi lipo somo zaidi ya matunda. Aliyeandika shajara Mombasa aliona wagonjwa wakipona. Lind aliona machungwa yakishinda. Madaktari wa 1875 waliona ndimu ikishindwa. Wote waliona sawasawa, na bado walikosea, kwa sababu hakuna aliyejua ni kitu gani ndani ya tunda kinafanya nini ndani ya mwili. Dawa inayofanya kazi bila kueleweka ni rahisi kuipoteza: ukibadilisha tunda, ukibadilisha sufuria, ukafupisha safari, imekwenda na hujui kama imekwenda.

Kwa hiyo mara nyingine ukikutana na ile orodha ya tishu unganishi, kano, gegedu, mfupa, shahamu, damu, usiisome kama majina ya kukariri. Ni majengo, na fundi yuko kazini sasa hivi unaposoma, anatoa fito na kuweka fito. Anachokudai ni kidogo sana, lakini hakubali deni lizidi miezi mitatu.